Sanduku la Waandishi: Dunia Ikishaharibika, Nani Analinda Mbegu?

Toleo lililopita tuliomba maswali kutoka kwa wanaoandika hadithi za dunia iliyoharibika, hasa kuhusu mambo mawili yanayowatoa jasho: namna ya kuandika watu wanaoshirikiana, na namna ya kuandika mtu anayejitoa kwa ajili ya wenzake. Barua zimekuja kuanzia Kibirizi hadi Sikonge. Tumezifupisha, na majina tumeyaacha.

SWALI: Wahariri, shikamooni. Mhusika wangu mkuu ni kijana wa Ujiji. Ukurasa wa mwisho anakufa akilinda ghala la kijiji dhidi ya wavamizi 20. Niliowasomea wanasema mwisho umekaa kisinema. Nimekosea wapi? (Msomaji, Ujiji)

JIBU: Marahaba. Kufa kwake si kosa. Kosa ni kwamba msomaji hajaambiwa bei. Katika kurasa ulizotutumia ghala lina "chakula cha kijiji", basi. Chakula gani? Magunia mangapi? Kinawafikisha lini?

Piga hesabu kabla ya kuandika. Mgawo wa dharura kwa kawaida hupangwa kwa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na ndani yake nafaka huwa kama gramu 400. Kijiji chako cha watu 200 kinakula kilo 80 kwa siku. Gunia la kilo 100 halimalizi siku ya pili. Ukiweka magunia 30 ghalani, umewapa siku 37. Sasa tuulize swali ambalo hadithi yako inalikwepa: wangegawana na wale 20, zingebaki siku ngapi? Zinabaki 34. Kijana wako amekufa kwa ajili ya siku tatu.

Huenda bado ni lazima afe. Huenda wavamizi hawataki mgawo, wanataka ghala lote. Lakini mtu mmoja pale kijijini alipaswa kuipiga hesabu hiyo kwa sauti, kijana akaisikia, kabla hajashika panga. Na huyo mtu asiwe mwoga wala msaliti. Awe na hoja. Kujitoa ambako hakuna aliyekupinga kwa hoja hakumgharimu mwandishi kitu, na msomaji analijua hilo hata kama hawezi kulitaja.

Kiswahili chenyewe kinakusaidia hapa, kwa sababu kinatenganisha mambo ambayo wengi wanayachanganya. Kuna kujitoa mhanga: mtu anautoa uhai wake, mara moja, kwa hiari. Kuna kujinyima: anatoa kidogo kidogo, kila siku, na bado yu hai. Kuna kafara: kinatolewa kitu au mtu ili balaa iwaepuke wengine, na mara nyingi anayetolewa hakuulizwa. Rasimu nyingi tunazopokea zina la kwanza tu. La pili ndilo lenye hadithi ndefu.

Chukua mbegu. Ekari moja ya mahindi inataka mbegu kilo 8 hadi 10, yaani nusu debe hivi. Familia ya watu watano, kwa mgawo ule ule wa gramu 400, inaimaliza nusu debe hiyo kwa siku tano. Mweke mama mmoja, Novemba, mvua bado zinasuasua, nusu debe iko uvunguni, na watoto wanaijua ilipo. Siku tano za shibe, au ekari moja ya mavuno mwakani. Uamuzi huo haufanywi mara moja. Unafanywa jioni hii, na jioni ya kesho, na ya keshokutwa, na hakuna wa kumpigia makofi.

Ukiandika mbegu, usikosee mambo haya. Mahindi chotara ya dukani ukiyarudisha shambani msimu wa pili yanatoka yamechanganyika na mavuno yanashuka, kwa hiyo anayetunza mbegu awe anatunza za kienyeji au aina nyingine isiyo chotara. Zikaushwe vizuri: weka kiganja cha punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, subiri robo saa, chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji na yataoza. Na adui wa ghala asiwe mvamizi peke yake. Dumuzi, mdudu ambaye Afrika alionekana kwanza mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na wakulima wakamwita Scania, anaweza kuligeuza gunia kuwa unga bila mtu kusikia mlango ukivunjwa.

Mfano wa kutazama: filamu fupi ya Kenya iitwayo Pumzi, ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009. Mhusika anaumwagilia mche maji yake ya mwisho. Tendo lile lina uzito kwa sababu tangu mwanzo tumeonyeshwa jasho na mkojo vikisafishwa ili vinywewe tena. Bei tuliijua kabla hajalipa.

Na jambo la mwisho kwako: usimuue ukurasa wa mwisho. Muue mapema, kwenye theluthi ya pili, halafu tuonyeshe nani anachota maji aliyokuwa akichota yeye.

SWALI: Hadithi hizi tuziiteje? Mwenzangu anaziita "hadithi za kiama". (Msomaji, Mwandiga)

JIBU: Kiama kwa msomaji Mwislamu au Mkristo ni siku ya hukumu. Wafu wanafufuka, hesabu inafanywa, hakuna anayebaki kulima. Hadithi zenu zinahusu waliobaki kulima. Sisi tunasema "baada ya maangamizi", na kama chanzo ni maji tunasema "baada ya gharika". Neno lolote utakalochagua, usiandike kwenye utangulizi kwamba wewe ni wa kwanza kwa Kiswahili. Mzingile, riwaya ya baada ya maangamizi ya Euphrase Kezilahabi, ilitoka mwaka 1991.

SWALI: Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wakiandika hadithi hizi, siku ya pili tu baada ya maafa kila mtu ameshakuwa jambazi. Nikiwaambia si hivyo, wananidai ushahidi. Niwajibu nini? Na niwafundisheje kuandika ushirikiano usiochosha? (Mwalimu, Kasulu)

JIBU: Mwalimu, ushahidi uko upande wako. Watu wanaochunguza maafa wamelikuta jambo lile lile mara nyingi: wa kwanza kuchimba kifusi ni jirani. Baada ya tetemeko la Mexico City la mwaka 1985 wakazi wenyewe waliingia chini ya majengo yaliyoanguka, na kutoka kwao kikazaliwa kikosi cha kujitolea kiitwacho Topos, maana yake fuko. Wizi hutokea, hilo tusilifiche. Ila hauanzi siku ya pili na haumhusu kila mtu.

Wanafunzi wakisema Mexico ni mbali, wape ziwa lao. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Hapo tayari kuna hadithi bila bomu hata moja. Kuna anayetii na ana watoto. Kuna anayetoka usiku bila taa. Kuna jirani anayesikia harufu ya migebuka wabichi mwezi Juni na lazima aamue kama ana pua.

Sasa, kwa nini ushirikiano wanaouandika unachosha? Kwa sababu wote wanakubaliana. Ushirikiano ni ubishi kuhusu mgawo. Kabla mwanafunzi hajaandika sentensi ya kwanza, aandike nusu ukurasa wa sheria za kijiji chake: nani wa humu na nani mgeni, kisimani mtu anachota ndoo ngapi, nani anahesabu, na huyo naye anahesabiwa na nani, mwizi wa kwanza anafanywa nini, wa pili nini, wa tatu nini, na mkikosana mnakaa wapi kusuluhishana. Elinor Ostrom, Mmarekani aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zilizotunza malisho, mifereji na maji ya uvuvi kwa vizazi vingi. Moja ya mambo aliyoyakuta ni kwamba adhabu ya kwanza huwa ndogo, kisha inapanda ngazi. Kijiji kinachomfukuza mtu kwa ndoo moja ya maji kitabaki bila watu kabla ya masika. Sheria zikishaandikwa, mwanafunzi atafute mahali zinapombana mtu mwema. Hapo ndipo hadithi inapoanzia.

Mfano wa kuwaandikia ubaoni, kwa kuwa Kasulu wanaujua muhogo. Muhogo mchungu una sumu, nayo hutolewa kwa kuuloweka siku tatu hadi nne mpaka ulainike, ndipo ukamenywa, ukaanikwa na kutwangwa. Njaa ikikaza, watu hupunguza siku. Ukila mara moja ulioharakishwa unaweza kutapika na kuona kizunguzungu. Ukiula hivyo wiki baada ya wiki, bila samaki wala maharage ya kuusindikiza, unakuja ugonjwa uitwao konzo: miguu inakakamaa ghafla, pande zote mbili, na haiponi. Wilayani Tarime ulilipuka mwaka 1985. Unawapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Kijiji cha hadithi basi kina bwawa moja la kulowekea na mlinzi mmoja wa kuhakikisha hakuna anayetoa muhogo kabla ya siku ya nne. Kuna anayeuiba siku ya kwanza. Ni baba, ana watoto watatu, na kila usiku anawapelekea. Baada ya wiki sita mtoto wa kati anaamka asubuhi hawezi kusimama. Mlinzi alikuwa anajua na alikuwa akimwonea huruma. Waambie wanafunzi waandike mazungumzo ya watu wawili hao, ukurasa mmoja, bila bunduki. Wasiwahi kusema nani ana makosa.

SWALI: Hadithi yangu inatokea miaka 12 baada ya maangamizi. Wavuvi wa Kibirizi wanavuka ziwa hadi Kalemie, upande wa Kongo, kwa mashine ya petroli, na usiku wanavua dagaa kwa taa za sola. Rafiki yangu anasema haiwezekani. (Msomaji, Kibirizi)

JIBU: Rafiki yako mpe soda. Petroli iliyokaa kwenye dumu huanza kuchacha ndani ya miezi, na ikipita mwaka inaacha utomvu kwenye kabureta. Dizeli iliyotunzwa vizuri inavumilia mwaka na zaidi kidogo. Miaka 12, hakuna.

Mwandishi wa Kigoma ana mawese, na wengi wenu mmeshayapeleka kwenye injini. Sawa, ila iwe injini ya dizeli ya zamani inayozunguka polepole, ya aina iliyofungwa kwenye mashine za kusaga. Mawese mekundu asubuhi yameganda nusu, kama kila mwenye chupa jikoni anavyojua. Lazima yachujwe kwa kitambaa mara kadhaa na yapashwe moto hadi nyuzi 70 au zaidi ili yawe mepesi kabla hayajafika kwenye pampu. Injini ikiwashwa nayo yakiwa ya baridi, nozeli zinaziba masizi, inatoa moshi mweupe, kisha inakataa. Kuna jambo kubwa kuliko nozeli, nalo ni kwamba lita moja ya mawese ina kilokalori 8,000 hivi. Ni mlo wa siku wa watu wanne. Mashine ikinywa lita mbili kwa saa, kila saa ya safari imekula chakula cha watu wanane. Nani kijijini aliruhusu safari hiyo, na wanafuata nini Kalemie? Ukilijibu hilo utakuwa na sura nzima.

Vinginevyo rudisha tanga, na panga safari zako kwa upepo. Kiangazi, kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusini-mashariki unavuma kwa nguvu na ziwa linachafuka.

Kuhusu taa: paneli za sola zitakuwepo, zinadumu miaka 25 na kuendelea zikiwa zinapungua nguvu taratibu. Betri ndizo zitakazokuwa zimekufa. Hizi za asidi huishi miaka mitatu hadi mitano. Paneli bila betri inatoa umeme mchana, na dagaa wanavuliwa usiku. Wahusika wako watarudi kwenye mwenge wa kuni puani mwa mtumbwi na wavu wa mkono wa lusenga, kama wazee wa ziwa walivyovua kabla ya karabai. Mwenge unakula kuni, kuni zinatoka milimani, kwa hiyo mvuvi anamtegemea mtu asiyejua kuogelea. Hapo una ushirikiano bila kuhubiri.

Usisahau mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, na kambi inalala. Tumeona rasimu ambayo wanavua kwa fujo usiku wa mwezi mpevu kwa sababu mwandishi alitaka mandhari iwe nzuri. Ihamishie mandhari yako kwenye usiku wa giza. Na dagaa wakishavuliwa wanahitaji jua siku hiyo hiyo: kilo tatu hadi nne wabichi zinabaki kilo moja wakikauka. Mvua ikinyesha mchana wakiwa mchangani, wanaoza. Chanja zinasaidia, moshi unasaidia zaidi, na moshi nao ni kuni.

SWALI: Lazima pawe na mazombi? (Mwanafunzi, Kakonko)

JIBU: Hapana. Ukiwa nayo, yalishe. Kitu kinachotembea miaka mitatu bila kula kinamkera msomaji kuliko kinavyomtisha.

SWALI: Wahusika wangu wanataka kuinua meli iliyozama jirani na bandari ya Kigoma ili waitumie kuhamisha watu. Inawezekana bila mitambo mikubwa? (Msomaji, Gungu)

JIBU: Swali lako lina jibu la kihistoria lililokaa bandarini kwenu. Meli tunayoiita Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, ikaunganishwa hapa na kuteremshwa majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani wakiwa wanaukimbia mji, mafundi waliamriwa waizamishe. Walizipaka injini grisi nene, wakaijaza mchanga, wakaizamisha taratibu. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 walikuta injini na boila bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini ikiwa Liemba.

Itazame kama mwandishi. Mtu ameamriwa aharibu kitu, na anakiharibu kwa namna ambayo mwingine atakitengeneza, hata kama huyo mwingine ni adui yake. Hakuna ushirikiano mgumu kuliko huo wa watu wasioonana. Kama hadithi yako inaanza miaka mingi baada ya maangamizi, rudi nyuma sura moja utuonyeshe aliyepaka grisi.

Sasa kazi yenyewe. Achana na meli ya tani elfu moja na zaidi. Utahitaji mapipa kwa maelfu. Chagua mashua ya chuma ya tani 10, kina cha mita 10. Chuma majini hupungukiwa takriban moja ya nane ya uzito wake, kwa hiyo unainua tani 8.7 hivi. Pipa la lita 200 likijaa hewa, ukitoa uzito wake lenyewe, linainua kilo 180. Yanatakiwa 50. Weka 60, kwa sababu mengine yatavuja na tope la chini linanyonya. Yazamishwe yakiwa yamejaa maji, mdomo ukitazama chini, yafungwe ubavuni kwa kamba, ndipo hewa ipelekwe kwa mpira. Pipa likizamishwa na hewa ndani likiwa limefungwa, shinikizo linaweza kulibonyeza kama kopo.

Hewa ni ya pampu ya baiskeli. Kwenye mita 10 hewa inabanwa hadi nusu, hivyo kila pipa linataka lita 400 za hewa ya juu. Pampu ikitoa robo lita kwa msukumo, ni misukumo 1,600 kwa pipa, 96,000 kwa mapipa 60. Kwa misukumo 30 kwa dakika ni zaidi ya saa 53. Watu wakipokezana kuanzia alfajiri hadi jioni, siku tano. Usituandikie "baada ya kazi ngumu meli ikaibuka". Tuonyeshe siku ya tatu, viganja vimetoka malengelenge, chombo hakijatikisika hata kidogo, na wawili hawajaja zamu. Na mkazo wa mwisho: upande mmoja ukitangulia kuinuka, mashua inapinduka na kumwaga kila kitu. Mapipa yajazwe kwa kupokezana kushoto na kulia, na mmoja asimame kuhesabu. Huyo anayehesabu hasukumi pampu. Watamnung'unikia.

SWALI: Nesi wangu anakufa kwa kipindupindu akihudumia wagonjwa kambini. Nimpe siku ngapi? (Msomaji, Kibondo)

JIBU: Kwanza tupe sababu ya yeye kufa. Kipindupindu kinaweza kumuua mtu kwa saa chache, lakini wengi wanaokolewa na maji: lita moja safi iliyochemshwa, vijiko vya chai sita vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwe sawa na ukingo, visiwe vya kilima, mgonjwa anywe kidogo kidogo bila kukoma. Nesi anayajua haya. Msomaji wako naye anayajua, kayaona kwenye ukuta wa zahanati. Ukimuua bila kuyagusa, umemfanya mjinga.

Mgonjwa mahututi anaweza kupoteza lita 10 na zaidi kwa siku. Wagonjwa kumi ni lita 100: kuchota, kuchemsha, kupoza, kunywesha, usiku na mchana. Sukari ikiisha, uji mwepesi wenye chumvi unafaa. Basi anachokitoa nesi ni usingizi, na anachokihitaji kwa wenzake ni kuni. Akifa, afe kwa sababu aliyeahidi zamu ya usiku hakuja. (Nje ya hadithi, mgonjwa aanze kunyweshwa huku mnampeleka kituo cha afya.)

SWALI: Mwangaluka. Kijiji changu cha Sikonge kina watu 200, wamebaki na msitu wa miombo tu, wanaishi kwa asali. Inaingia akilini? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Mwangaluka nawe. Haiingii. Gramu 100 za asali zina kilokalori 300 hivi; mtu mmoja angehitaji gramu 700 kwa siku, kijiji kilo 140. Hata ukivuna kilo 10 kwa kila mzinga, ni mizinga 14 kila siku ya Mungu. Watoto chini ya mwaka mmoja hata hawatakiwi kuilamba. Asali iwe ya kubadilishana na muhogo, nta iwe mshumaa.

Ila una kitu kizuri ambacho hukukiona. Mzinga wa gome unapatikana kwa kulivua gome kuzunguka shina, na mti huo unakufa. Mti huo ndio nyuki waliokuwa wakiufuata kwa maua. Kila mzinga mpya unakula asali ya miaka ijayo. Kijiji kinahamia kwenye mizinga ya vyungu na vibuyu, au hakihami? Hilo ni baraza la usiku mzima.

SWALI: Katika hadithi yangu mvua imekatika miaka mitatu. Wazee wanaamua bibi mmoja mwenye macho mekundu atolewe. Anakubali kwa ajili ya kijiji, na mvua inanyesha. Mwenzangu amekataa kuiweka kwenye kijarida chetu na hakunieleza sababu. (Msomaji, Uvinza)

JIBU: Tutakueleza sisi, nasi tungeikataa. Kwenye mikoa hii ya magharibi na jirani zake vikongwe wameuawa kweli kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu huo unatokana na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Ukimaliza kwa mvua, umewaambia wauaji kwamba hawakukosea. Na lile "anakubali" ni lako, si lake. Umelitia kinywani mwake ili wazee wako walale vizuri. Hiyo ni kafara iliyovishwa nguo za kujitoa mhanga.

Hadithi lakini usiitupe, maana umekaa juu ya kitu cha kuiokoa. Uvinza watu wamechemsha chumvi tangu karne ya 5 au ya 6 hivi. Zamani kiangazi walikuja kutoka mbali, wakachemsha, wakaacha fungu la mtemi na kuondoka. Mfanye bibi huyo kuwa mchemsha chumvi. Tuseme mtu anatumia gramu 5 kwa siku. Kijiji cha watu 200 kilo moja. Kuvukiza lita moja ya maji kwenye mafiga matatu kunakula kuni kilo moja na nusu hivi, na yeye yuko juu ya moshi huo kila kiangazi tangu ujana. Macho yake yamekuwa mekundu kwa ajili yao. Kila mzee aliyeketi kwenye baraza lile asubuhi hiyo amekula mboga yenye chumvi yake, na msomaji aione ile mboga kabla ya baraza kuanza.

Mvua inyeshe ukipenda, ila inyeshe pia kwenye kijiji cha ng'ambo ya mto ambacho hakikumtoa mtu.

Kisha nenda kwenye sufuria. Maji ya chumvi yakichemka sana, punje nyeupe zinaanza kushuka chini, na juu yanabaki majimaji machungu. Mjuzi anazichota punje na kuyamwaga yale mengine. Asiyejua anachemsha mpaka yakauke yote, na chumvi inatoka chungu, inanyonya unyevu, inaganda kama tope kwenye kibuyu. Bibi alijua ni wakati gani wa kumwaga kwa kusikiliza mlio wa sufuria. Mwezi mmoja baada ya mvua, mtu wa kwanza aonje chumvi mpya, ateme, aseme maji ya kisima yameharibika. Wazee waitane tena barazani kujadili nani ameyaharibu.